Matanga ya Don Lute

Jumatano ya Wiki Takatifu, wanawake wote wa kijiji chetu cha Karandayty wakiwa jikoni wanakanda unga wa muhogo na jibini kwa ajili ya mikate ya chipa, Ña Digna alivaa gauni jeusi, akajifunga kitambaa cheusi kichwani, akatoka kwenda nyumba kwa nyumba kuwaalika majirani waje jioni kumwombea marehemu mumewe. Wakati huohuo marehemu alikuwa chumbani kwake, amelala, anakoroma.

Alianzia kwa Ña Eduvigis, ambaye ndiye huongoza sala za matanga kijijini kwetu, mwanamke mwenye sauti nzito na subira fupi. Alimkuta mikono imejaa unga hadi viwikoni.

"Yesu wangu! Don Lute amefariki?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Anasema tangu Januari."

Ña Eduvigis akaacha kukanda. "Anasema nani?"

"Yeye mwenyewe. Nikimwambia amka ule, anasema hesabu nimekufa. Amka uoge, hesabu nimekufa. Jana Zoilo alikuja kumuuliza nani atabeba msalaba Ijumaa, naye akajibiwa hivyohivyo, tena mwenyewe kageukia ukuta. Sasa mimi nimechoka kubishana. Mwanamume kasema amekufa, basi amekufa. Njoo tumwombee."

"Digna, huo ni mzaha na mambo ya Mungu."

"Si mzaha." Digna alikaza fundo la kitambaa chake cheusi. "Mguu uliobaki unanuka, Ña Eduvigis. Hataki niuone. Analala na soksi, anaamka na soksi. Nesi Blásida kaja akafukuzwa, karudi akarushiwa kikombe. Nikimwacha hivi, Pasaka ikipita nitakuja kukualika kwa kweli."

Ña Eduvigis alikwenda kwenye ndoo, akanawa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Saa kumi," alisema. "Na viti kaazime kwa Zoilo. Vyako vinaumiza."

Don Eleuterio Cabañas, ambaye sisi sote tulimwita Don Lute, alikuwa fundi wa matofali, na kila Ijumaa Kuu ndiye aliyetangulia na msalaba mbele ya waimbaji wetu, wale wanaume wanaokwenda kwa miguu hadi mjini wakiimba nyimbo za mateso. Ugonjwa wa sukari ulimchukua mguu wa kulia chini ya goti. Siku aliyorudi kutoka hospitali ya mji mkuu alishushwa garini kama gunia, mbele ya watoto waliokuwa wanacheza mpira, na mmoja akauliza kwa sauti, "Ule mwingine wameuweka wapi?" Tangu hapo hakuvuka tena pazia la chumba chake. Magongo aliyopewa na parokia yalining'inia msumarini bila kuguswa. Digna alimletea beseni la haja na kulitoa, na kila alipolitoa alitazama dirishani ili mumewe asimwone akimwona. Don Lute aliliona hilo pia, na ndilo lililomuuma kuliko kisu.

Saa kumi sebule ilijaa. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe, mishumaa, na picha ya Don Lute aliyopigwa kwenye harusi ya mpwa wake, amenyanyua glasi. Watu waliingia wakivua kofia, wakampa Digna pole kwa aibu kidogo, wakitupa jicho kwenye pazia. Nesi Blásida alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba wake umefichwa chini ya kiti.

Ña Eduvigis alianza rozari. Kabla fungu la kwanza halijaisha, kukoroma kulikoma.

"Kabla hatujaendelea," alisema Ña Eduvigis, "anayetaka kusema neno juu ya marehemu aseme."

Don Zoilo akasimama. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti yao aliyeko Buenos Aires, na yeye na Don Lute walikuwa wameitana kumpadre na kutukanana kwa mapenzi tangu ujana.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," alianza, akiikunja kofia. "Tulicheza mpira pamoja. Miguu mizito, lakini roho safi. Ile fainali na watu wa Loma, lile bao la ushindi nililofunga mimi, yeye ndiye aliyenipa pasi."

Nyuma ya pazia kitanda kililia.

"Mwongo mkubwa! Bao lile nilifunga mimi!"

Watu wakatazamana. Digna hakutikisika. "Endelea, kumpadre. Ni upepo."

"Upepo wa wapi? Digna! Nani hao? Mnafanya nini humo?"

"Tunamwombea marehemu," Ña Eduvigis alijibu bila kugeuza shingo.

"Marehemu gani?"

"Eleuterio Cabañas."

"Huyo si ni mimi!"

"Basi pumzika kwa amani. Sijawahi kuona maiti mwenye kelele hivi."

Mtu mmoja kwenye kona alibanwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Digna akaenda kabatini, akarudi na kofia ya mumewe, ile ya nyasi ya siku za sikukuu, akampa Zoilo. "Alikupenda sana. Chukua ukumbusho."

Zoilo akaijaribu. "Inanikaa."

"Weka chini kofia yangu! Una kichwa kama tikitimaji, utaipanua!"

Sasa watu walicheka waziwazi, hata Ña Eduvigis aliziba mdomo kwa rozari yake. Kisha akamgeukia Digna. "Mjane naye aseme neno. Ndiyo desturi."

Digna alisimama akiwa bado anatabasamu. Maneno ya utani alikuwa ameyatayarisha njiani.

"Alikuwa mkaidi," alisema. "Alikuwa anaimba akioga. Nikimwambia majirani wanasikia, anaongeza sauti. Nilimgombeza kwa hilo miaka yote tuliyoishi pamoja. Sasa..." Akatafuta utani wake, hakuuona. "Sasa nyumba imenyamaza mpaka nasikia panya wakitembea darini. Tangu Januari naongea na mgongo. Nikipika naongea na mgongo, nikisali naongea na mgongo. Mguu uliondoka, nikasema sawa, mimi sikuolewa na mguu. Lakini na mwenyewe akaondoka. Akaniacha hapa na mgongo wake."

Akakaa, akalia. Hakuna aliyedhani tena kwamba ni mchezo.

Ndipo kulisikika kishindo, na kingine, na mkono ukashika pazia. Fimbo ya pazia iling'oka ukutani, na Don Lute akaanguka sebuleni pamoja na pazia lenyewe, miguuni pa Ña Eduvigis, amejiviringisha ndani ya kitambaa, na pajama lake la mistari limefunguka vifungo. Alikuwa amejaribu kuja kwa kurukaruka akishika ukuta. Hakuna aliyecheka. Zoilo alitaka kumwinua, akasukumwa.

"Nani amekupa ruhusa ya kunizika?" Don Lute alifoka kutoka sakafuni.

"Wewe," Digna alisema.

Hapo harufu ikafika. Soksi ilikuwa imetoka katika kuanguka, na watu wote waliuona ule mguu wa kushoto, umevimba, vidole viwili vya pembeni vimekuwa vyeusi. Alijaribu kuufunika kwa pazia, lakini Blásida alikuwa ameshapiga magoti.

"Don Lute, hiki kidonda kina muda gani?"

Don Lute aliendelea kuvuta pazia.

"Don Lute."

"Tangu Kanivali, kabla ya Kwaresima."

"Na hukusema?"

"Ule wa kwanza si nilisema? Nilisema kidole kinauma. Wakaniambia tutasafisha tu, mzee, usiwe na wasiwasi. Nikalala na miguu miwili, nikaamka na mmoja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, mtu ilibidi ainame kumsikia. "Nikisema na huu, nitabaki nini? Kigoda?"

Digna akateremka akakaa sakafuni kando yake, na gauni lake jeusi likachukua vumbi lote. "Utabaki na mdomo," alimwambia. "Huo hakuna daktari anayeweza kuukata."

"Usinifanyie mzaha, Digna. Nilitaka nisimame kwanza. Nipate nguvu, nijifunze kutembea hapo ndani peke yangu, kisha nitoke nikiwa mtu."

"Unangoja uwe mzima ndipo urudi kwa watu?" Ña Eduvigis aliuliza. Alikuwa bado ameketi, rozari mkononi, na sauti yake haikuwa ya kugomba. "Bwana wetu aliporudi kwa wenzake alirudi na matundu. Mikononi, ubavuni. Hakungoja yazibe. Aliwaonyesha, kisha akaomba chakula."

"Yeye miguu alikuwa nayo."

"Nayo ilikuwa na matundu, Lute."

Don Lute alimtazama Blásida. "Niambie ukweli. Watauondoa?"

"Sijui," Blásida alisema. "Ukienda leo huenda ukabaki nao. Ukikaa hapa, utaoza wewe na mguu wako pamoja."

Mshumaa mmoja mezani ulipinda kwa joto, na mtu akaunyoosha. Don Lute alijifuta pua kwa ncha ya pazia.

"Zoilo," alisema, "nirudishie kofia yangu. Siendi mjini kichwa wazi."

Zoilo aliwapeleka kwa gari lake la kubebea matofali, Don Lute kwenye kiti cha mbele na kofia kichwani, Digna na Blásida nyuma wameshikilia kamba. Getini kwenye hospitali ya wilaya mlinzi alimwona Digna na nguo zake nyeusi, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Chumba cha maiti ni kule nyuma."

"Maiti ndiye huyu," Digna alimwonyesha mumewe. "Bado anaongea. Tunataka daktari."

Walimpasua Alhamisi Kuu asubuhi. Digna alikaa kwenye benchi la korido, amekumbatia ile kofia. Hakuweza kusali. Kila alipoanza sala aliishia kupanga nyumba kichwani, jinsi ya kubomoa kizingiti, jinsi ya kushusha kitanda, ikiwa mume atarudi bila mguu wowote. Alishangaa kuona kwamba hata huko kichwani mwake alikuwa amempangia mahali pa kukaa, karibu na dirisha, ili awatukane wapita njia.

Don Lute alipozinduka hakuthubutu kutazama chini. Alimtazama mkewe.

"Mguu upo?"

"Upo. Vidole viwili vimeondoka."

"Vidole vipi?"

"Vile vidogo. Vile ambavyo hukuwa unavikata kucha."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka kwenye pembe za macho yakaingia masikioni, na Digna akayafuta humo masikioni kwa kona ya kitambaa chake cheusi.

Ijumaa Kuu jua likianza kulegea, waimbaji wa Karandayty walipita mjini na kusimama chini ya dirisha la wodi. Zoilo alikuwa mbele na msalaba, jasho linamtiririka, na aliuanza wimbo juu mno, kiasi kwamba wenzake walikwama kwenye ubeti wa kwanza.

"Shusha!" Don Lute alipiga kelele kutoka kitandani. "Shusha sauti, mnyama wewe! Unaimba au unakanyagwa?"

Kule nje wakanyamaza. Wakaanza upya, chini. Don Lute aliimba nao ili kuwasahihisha tu, lakini akaendelea, na wale wagonjwa wengine wodini waliacha maongezi yao. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa miezi ya kimya, ikakatika mara kwa mara, naye akairudia pale ilipokatikia. Digna alikuwa anaosha kikombe. Alikiosha mpaka wimbo ulipokwisha.

Jumapili ya Pasaka, kabla jua halijapanda, kengele zilianza. Mjini huko wana desturi ya Makutano: sanamu ya Mama aliyefiwa, amefunikwa shela jeusi, huletwa kwa barabara moja, na sanamu ya Mwanawe mfufuka kwa barabara nyingine, na hukutana kwenye kona iliyo mbele kabisa ya geti la hospitali. Nesi wa zamu alikuwa ameshatoa kiti cha magurudumu, kimoja tu kilichokuwapo, kinacholia kama mlango mbovu.

"Mpelekeni mwingine," Don Lute alisema.

"Mwingine nani?" Digna aliuliza. "Yule mwenye homa au yule aliyejifungua?"

"Kuna umati pale nje. Watanitazama."

"Watakutazama. Kisha itapita sanamu, watatazama sanamu."

Alifikiri. Akashika kingo za kitanda, akajisogeza mwenyewe, akakataa kuinuliwa, na ikachukua muda mrefu mpaka nesi akaanza kutazama saa. Alipokaa kitini alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Digna akamsukuma koridoni, kile kiti kikipiga kelele, na wakatoka.

Watu walimtazama. Mwanamke mmoja alimtazama mguu, akamtazama uso, akasogea kumpa nafasi mbele. Basi. Hakuna kingine kilichotokea, na Don Lute, aliyekuwa ameliogopa jambo hilo tangu Januari, alikaa pale akilisubiri liwe kubwa kuliko hivyo.

Sanamu zikakutana. Msichana mwenye mabawa ya karatasi akapandishwa kwenye ngazi, akalivuta shela jeusi likaanguka, na Mama akabaki na joho la buluu na nyota. Fataki zikalia, mbwa wakakimbia, watu wakaanza kukumbatiana na kutakiana Pasaka njema. Don Lute alishika kitambaa cha gauni la mkewe kwa vidole viwili.

"Na wewe vua hili gauni jeusi," alisema. "Mumeo hajafa."

"Nitavaa nini? Sikuja na nguo nyingine. Ulinikimbiza."

Yule mwanamke aliyejifungua, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao na kichanga chake, alicheka, akarudi ndani, na kumletea Digna blauzi yake. Ilikuwa kubwa mno, ina maua mekundu na kasuku wawili kifuani. Digna alibadilisha chooni, akatoka akiwa ameona haya kama msichana. Don Lute alimtazama kwa muda.

"Unafanana na duka la mboga," alisema.

"Na wewe unafanana na Lazaro, nyamaza." Lakini alikuwa anacheka, akambusu hapohapo mbele ya mlinzi wa geti.

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilinyooka siku ile. Alirudi nyumbani, na wiki iliyofuata zilikuwapo asubuhi alizogeukia tena ukuta. Alianguka bafuni akatukana mpaka Ña Eduvigis akaja na maji ya baraka. Kulikuwa na siku alizotumia magongo na siku alizoyarusha uani, na Digna akayaacha kulekule mpaka mwenyewe akaomba. Alijifunza kukaa kwenye gogo na kujaza udongo kwenye visanduku vya matofali, na matofali yake ya kwanza yalipinda. Aliyauza kwa Zoilo, akamwambia ni mtindo mpya. Lakini alikuwa ameanza tena kuimba akioga, na sisi majirani tulianza tena kulalamika.

Karibu na Pentekoste Blásida alimwambia kwamba ng'ambo ya kijito kuna kijana anaitwa Derlis, aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, amekatwa mguu, hataki kumwona mtu. Mama yake alikuwa amemleta padri, na mwanasaikolojia wa mjini, na mganga wa mitishamba. Wote Derlis aliwageuzia mgongo.

Siku ya pili Don Lute alivaa kofia, akachukua magongo, akaenda. Zoilo alitaka kumpeleka kwa gari, akakataliwa.

Mama wa Derlis alimfungulia bila matumaini, akamwonyesha chumba, akarudi jikoni. Kijana alikuwa amelala ameelekea ukutani, simu mkononi, na hakugeuka aliposikia magongo.

"Umetumwa na padri?"

"Hapana."

"Umekuja kunihubiria?"

"Nimetembea kutoka kwetu hadi hapa, na njia yenu yote mchanga. Nimekuja kukaa. Sogea."

"Kiti kile pale."

"Kiti kiko mbali."

Don Lute alisimama pale, anaegemea magongo, jasho linadondoka kwenye sakafu ya saruji, mpaka kitanda kikalia na kijana akavuta kiuno chake upande wa ukuta. Don Lute akakaa kwa uzito wake wote. Akaacha magongo yaanguke, akapandisha suruali, akaanza kukifungua kitambaa cha kigutu chake, kwa sababu joto la njiani lilikuwa limemsumbua.

"Wako unawasha?" aliuliza.

Kijana aliuambia ukuta: "Kisigino."

"Kisigino ambacho hakipo."

"Ndiyo."

"Wangu ni kidole gumba. Kwaruza godoro pale ambapo kisigino chako kingekuwa. Husaidia kidogo."

Derlis aligeuka, akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Alimwona mzee mwenye kofia ya sikukuu, ameinama, anakuna hewa juu ya sakafu kwa makini kabisa, macho yamefumbwa kwa raha. Kijana akanyoosha mkono, pole pole, akakwaruza shuka mahali patupu.

"Si hapo," Don Lute alisema. "Chini kidogo."